Magoti ya Gauni la Kijivu

Fundi Kyule hakuamini mdomo wa mtu. Aliamini nguo. Nimekaa naye kibanda kwa kibanda pale Gikomba mwaka wa kumi na tisa sasa, yeye na cherehani zake mbili, mimi na zipu, vifungo na nyuzi zangu, na sijamsikia akimwuliza mteja habari zake hata siku moja. Ya nini amwulize? Mtu akileta suruali ya kupunguzwa miguu, Kyule aliipitisha mkononi mara moja tu na kuanza kusema. "Huyu ni dereva. Upindo wa mguu wa kulia umelika nyuma, pale kisigino kinapokaa akikanyaga mafuta." Koti lililong'aa viwiko ni la karani. Shati lililochakaa bega moja ni la mbeba mizigo. Hata nguo za mtumba, ambazo wenyewe wako ng'ambo na hatutawaona kamwe, alizisoma. Huyu alikuwa mnene akakonda. Huyu mke alimwacha, kwa maana vifungo vya chini ameshona mwenyewe, tena vibaya.

Watu walicheka, lakini kuna waliomwogopa. Mkasi wake aliufunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mimi jirani yake nikiazima chaki ya kuchorea nguo, aliihesabia dakika. Nami ni vivyo hivyo, sitajifanya malaika. Ukinisalimia kwa furaha iliyozidi kipimo naanza kujiuliza unataka nini. Ndiyo sababu tulielewana.

Mbinya ni binti yake wa pekee. Mama yake, Ndindi, anakaa ushago Makueni na shamba na mbuzi, kwa hiyo hapa Nairobi walikuwa wawili tu, na chumba kimoja kule Shauri Moyo. Msichana alikalia cherehani ya pili tangu miguu yake ifike kwenye kanyagio. Likizo zote za shule alikuwa hapo, na alipomaliza kidato cha nne akashona miaka miwili mfululizo. Alikuwa na macho makali. Uzi wa baba ukikatika, alikuwa ameshautunga tena kabla mzee hajamaliza kusonya.

Kisha barua ikaja. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, ule wa watoto wadogo wa chekechea, nje ya mji upande wa Machakos, na angekaa bweni. Kyule hakusema ndiyo wala hapana. Alichagua kitambaa kizito cha kijivu, akamshonea gauni refu, mishono yote mara mbili. Siku ya kumkabidhi hakumkumbatia wala kumwombea. Alilivuta gauni huku na huku kumwonyesha lilivyo imara. "Hili litafika mwaka wa tatu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mwaka ule alizidi kuwa mgumu. Simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo tunayoiita mulika mwizi, na kila Jumapili alimpigia Mbinya na kumwuliza mambo mawili. Unakula? Unaenda kanisani? Haya. Akikata ananigeukia mimi. "Mama Mulongo, mtu anakaa huko mwaka mzima. Anapata nini? Hapa angekuwa ameshona mashuka. Huko anapata nini ninachoweza kushika?"

Nami badala ya kumtuliza nilimwongezea kuni. Nilimwambia juu ya vyuo ambavyo ni kibao cha rangi na kufuli tu. Nilimwambia juu ya wasichana waliokwenda na begi moja wakarudi na mimba. Ndivyo tunavyopitisha mchana pale sokoni mvua ikinyesha na wateja wakipotea. Yeye alisikiliza huku akininyooshea sindano. "Nitungie, mikono yangu ina mafuta." Nilimtungia bila kuuliza. Ilikuwa mara tatu nne kwa siku, mwaka mzima.

Mbinya akarudi likizo mwezi wa nane. Siku ya kwanza alipokuja sokoni nilimwona amebadilika, na sikupenda.

"Sasa, Mbinya."

"Poa, Mama Mulongo. Umeshindaje? Na hapa mambo yamekuwaje tangu niende?"

Nikasema vizuri tu. Basi msichana yule hakuendelea na jambo lingine kama watu wengine. Alinyamaza, akanitazama kwa upole, akangoja kama mtu mwenye siku nzima mkononi. Nikajikuta nimesema habari za goti langu, za mwanangu Mulongo na mke wake, na mambo mengine ambayo sikukusudia. Alipoondoka nilijiuliza ni nani aliyemfundisha kuuliza namna hiyo. Tena nilimwona anavyomtazama baba yake kwa pembeni. Alimtazama mikono, kisha shingo, kisha mikono tena. Mtu anayetazama hivyo ana jambo analolificha, nikasema moyoni, anachunguza kama limeshajulikana.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, Kyule alikuja na kiondo kimefunikwa kitambaa. Alikaa, akakiweka katikati ya miguu yake, akainama kunielekea.

"Mbinya ana mtoto."

"Amekuambia?"

"Gauni limeniambia. Jana alilifua akalianika, nikalichukua." Aliingiza mkono ndani ya kiondo, akawa anapapasa humo bila kulitoa. "Magoti yamelika, yamebaki nyuzi. Mtu anayekaa darasani analika magoti? Hapa ubavuni, pande zote mbili, pamevutwa mpaka kitambaa kimelegea, tena pamevutwa na vidole vidogo, najua mkono wa mtoto. Na begani kuna kitu kigumu kimeganda. Maziwa. Mtoto amelazwa hapo akatapika."

"Si anasomea watoto wadogo?"

"Nimeuliza. Mwalimu mmoja mstaafu kanisani kwetu ameniambia mwaka wa kwanza ni kukaa na kuandika tu. Watoto wanaonekana mwaka wa mwisho."

"Nionyeshe hilo gauni."

Akakivuta kiondo nyuma. "Nikilitoa hapa, kabla ya saa kumi Gikomba nzima itakuwa inajua." Nilikasirika, lakini sikuweza kubisha sana.

Basi tulikaa pale tukamhukumu. Ama amezaa na mtoto amefichwa kwa mtu, ama chuo kilimshinda zamani na sasa ni yaya katika nyumba ya watu, anasugua sakafu na kubeba mtoto wa wenyewe. Kila moja lilikuwa baya. Nami ndiye niliyesema, kwa mdomo wangu huu, "Asirudi. Mkalishe hapa umwone kwa macho yako."

"Jumatatu chuo kinafunguliwa," Kyule akasema. "Haendi." Akaigonga cherehani ya pili kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipoitazama cherehani ile. Ilikuwa imepakwa mafuta ikang'aa, ina mkanda mpya, na kwenye kiti palikuwa na mto mdogo ulioshonwa kwa vipande.

"Umeitengeneza lini?"

"Wiki ile nyingine."

Gauni amelisoma jana, cherehani ameitayarisha wiki ile nyingine, kabla hata msichana hajafungua begi. Nilirudi kwenye vifungo vyangu. Lakini mtu wa kushuku akishapata uzi mmoja huwa hauachi, na kuanzia saa ile nilianza kumshuku Kyule mwenyewe.

Mchana huohuo akaja Lusweti, mlinzi wa godauni moja hapo karibu, amekasirika. Suruali aliyoshonewa Jumanne mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa vidole viwili. Alisimama mbele yetu ili tushuhudie.

"Mguu wako ndio mfupi," Kyule akamwambia.

Maskini Lusweti akajitazama miguu. Akaondoka bado anaitazama. Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Kyule ninayemjua hakukosea upindo katika miaka kumi na tisa. Nikakumbuka pia jambo la maziwa. Ni yeye aliyenifundisha kwamba maziwa hutoka kwa maji baridi na sabuni kidogo. Sasa maziwa gani hayo yaliyobaki magumu baada ya gauni kufuliwa na kuanikwa?

Jumamosi saa saba Mbinya alikuja na mkebe wa muthokoi, chakula cha baba yake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Aliuweka mezani, akanisalimia, akatafuta kijiko. Kyule hakuutazama mkebe. Alilitoa gauni ndani ya kiondo akalitandaza juu ya meza, akaliwekea viganja.

"Mtoto yuko wapi?"

Mbinya alilitazama gauni, kisha baba yake. "Mtoto gani, Baba?"

"Nimekuuliza vizuri. Magoti yameisha. Ubavuni umevutwa. Begani umetapikiwa maziwa. Mimi nguo hainidanganyi. Yuko wapi, na baba yake ni nani?"

Nilidhani atalia au atatoroka. Nikaona ameumia kweli, lakini hakupandisha sauti.

"Wako thelathini na wanne," akasema.

Mimi nilijishika mdomo.

"Kuna shule ya chekechea karibu na chuo," akaendelea. "Tunapelekwa huko kila Jumatano na Ijumaa tangu muhula wa kwanza. Mambo yamebadilika, siku hizi hawangoji mwaka wa mwisho. Na kitu cha kwanza tulichofundishwa, hata kabla ya kushika chaki, ni kupiga magoti. Ukiwa umesimama mtoto wa miaka minne anaongea na tumbo lako. Inabidi ushuke mpaka macho yenu yakutane. Kwa hiyo nashuka na kuinuka, Baba, siku nzima. Na wao wananivuta huku na huku."

"Mwalimu hapigi magoti," Kyule akasema. "Nimeshona suruali za walimu miaka thelathini. Zinaisha makalio."

Ningecheka, lakini wakati ule nilikuwa nimelitazama lile gauni. Ndiyo mara ya kwanza kuiona nguo yenyewe. Begani palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, vidole vitano kamili. Ubavuni palikuwa na vingine, vidogo, vimepandana. Vyote vilikuwa bluu. Ilikuwa bluu ya kufifia, rangi ya kuchorea ambayo imefuliwa ikakataa kutoka, na mtu yeyote mwenye macho angeiona kutoka ng'ambo ya njia.

Nikafungua mdomo. Mbinya akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

Alizunguka meza. Kyule alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kushonea. Mbinya akapiga magoti hapo chini, kwenye saruji iliyojaa vipande vya uzi, mpaka uso wake ukawa sawa na wa baba yake. Akalivuta bega la gauni karibu.

"Baba, hii hapa ni rangi gani?"

"Ni maziwa."

"Sijauliza ni kitu gani. Nauliza rangi."

Kyule alilishika. Alikigeuza kichwa pembeni, kama nilivyomwona akikigeuza mwaka mzima bila mimi kufikiri lolote. Alilileta karibu na pua, akalisogeza mbali. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa mahali pale wakati wote.

"Nyeupe," akasema.

Mbinya hakumwambia amekosea. Alinyamaza na kungoja, vilevile alivyoningoja mimi siku ile. Wasukuma mikokoteni walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia, na mtu alikuwa akinadi mashati, nami nikatamani mtu yeyote aje anunue zipu.

"Darasani kwetu kuna mtoto anaitwa Shamso," Mbinya akasema mwishowe. "Ukimwita ubaoni anakataa. Leo amechoka, kesho anasema mikono yake imechafuka. Ukimlazimisha anagombana na kila mtu. Wote walisema ni mkaidi, hata mimi. Mpaka siku moja nilipiga magoti karibu naye wakati anachora, nikaona anavyokigeuza kichwa hivi, na anavyoutafuta mstari kwa kidole. Hakuwa mkaidi. Alikuwa haoni, na aliogopa tukijua tutamrudisha nyumbani."

Mikono imechafuka. Mikono yangu ina mafuta. Nilikaa na nyuzi zangu mapajani nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Mara ngapi nilimtungia sindano mtu yule? Nilikuwa na macho mazima, na kazi niliyoyapa ilikuwa kutafuta dhambi ya msichana wa watu.

Kyule alikuwa amewaka. "Unanifananisha na mtoto wa chekechea? Mwaka mmoja, na ndicho ulichojifunza huko, kumdharau baba yako? Jumatatu huendi. Cherehani ile nimekutayarishia."

"Najua. Niliiona siku ya kwanza, kabla hujaligusa gauni."

Kyule akaunyoosha upindo wa gauni.

"Mimi sina mtoto, Baba, na wewe nadhani ulijua. Ulikuwa unatafuta sababu." Akasogea karibu zaidi, akaendelea. "Usinisingizie. Kama unahitaji macho, niambie unahitaji macho. Nitakaa. Sitarudi Jumatatu, nitakalia ile cherehani na sitanung'unika. Lakini nataka kukaa kwa sababu umeniomba. Sitaki kukaa kwa sababu eti nimekosa."

Hapo nilimwogopea. Nilijua anasema kweli, kwamba Kyule akitamka neno moja tu msichana ataliweka chini lile begi la chuo na kulisahau. Nami nilimjua Kyule. Ni mtu wa kushika kitu asikiachie, kama ule mkasi wake na kamba.

Kyule aliipapasa kamba ya mkasi. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Huyo Shamso. Mlimrudisha nyumbani?"

"Hapana. Nilimhamisha mbele. Nikamwambia mama yake, wakaenda kliniki ya macho. Sasa ana miwani ya waridi na anasumbua darasa zima."

"Anaona?"

"Anaona. Hali yako inaweza kuwa tofauti, Baba, mimi si daktari. Lakini kuna kliniki inayofunguliwa Jumatatu asubuhi. Twende pamoja."

Kyule alilipindua gauni. Vidole vyake vikashuka mpaka kwenye magoti, vikazunguka pale palipobaki nyuzi, vikazunguka tena. Sijui alikuwa akisoma nini safari hii, na sikuuliza.

"Nililikadiria miaka mitatu," akasema. "Halimalizi hata muhula ujao hivi lilivyo." Kisha akamgusa Mbinya begani. "Inuka. Utalimaliza magoti hata hilo ulilovaa. Asubuhi ya Jumatatu kliniki, mchana uende kwa watoto wako."

Mbinya aliinuka. Machozi yalikuwa yamemshuka na hakuyafuta. Alifungua mkebe wa muthokoi, akachota, akasahau kumpa baba yake sahani akabaki ameishika.

Kyule aliinama chini ya meza akatoa kipande cha kitambaa kizito cha kijivu, kilekile, mabaki aliyoyaweka mwaka mzima. Akakipima kwa shubiri, akakata viraka viwili vya ndani, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Nilikiona na sikusema. Akachukua sindano na uzi, akaninyooshea kama siku zote.

Nilingoja habari ya mafuta. Aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa safi, akakaa nayo hewani.

"Mama Mulongo," akasema, "nitungie uzi. Sioni."